UZI: Kuwasomea wana vitabu vya picha vya utoto wa waandishi, kisha kuwatoa nje

#1 Mama Mkomani

Asalaam aleikum, na habari zenu nyote. Humu mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi, lakini kuna jambo limenikaa kifuani tangu Jumamosi na nataka kusikia ya wenzangu.

Nna wana wawili, binti wa miaka saba na mdogo wake wa minne. Tunakaa Mkomani, Lamu. Jumamosi baada ya alasiri huketi nao dakani, pale kibarazani mwa mlango, nikawasomea kitabu cha picha. Nimependa vitabu vya namna moja: vile vinavyoeleza utoto wa mtu aliyekuja kuwa mwandishi. Ukivifungua, mara nyingi utamkuta mwana yuko nje, ameinama, anatazama kitu: mto, kiwavi, mzizi wa mti. Vitatu nimetumiwa na ndugu yangu aliye Nairobi, viwili nimenunua vilivyokwisha tumika.

Kilichotushika ni cha Wangari Maathai. Wengi tunamjua kwa miti na kwa Tuzo ya Nobel ya Amani ya 2004, lakini alikuwa mwandishi pia, na utoto wake aliusimulia mwenyewe. Alizaliwa 1940 Ihithe, huko Nyeri. Karibu na kwao palikuwa na mugumo mkubwa, mti wa jamii ya mkuyu, na kijito kando yake. Mamake alimkataza kuokota kuni za mti ule, akamwambia ni mti wa Mungu. Akitumwa maji alikuwa akicheza penye majani ya nduma, akaona mayai ya chura yameshikana kama uzi wa shanga. Akayadhani ni shanga kweli, akataka kuyainua.

Nilipofika hapo binti akaweka kiganja juu ya ukurasa nisifunue. "Zikakatika?" Nikamwambia zilikatika, kila alipotia vidole chini yake. Siku nyingine akakuta viluwiluwi weusi, maelfu, wanapinduka majini. Binti akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Mama, sisi shanga zetu ziko wapi?"

Hapa kisiwani hatuna kijito. Tuna visima na tuna bahari. Sikuwa na la kumjibu. Kesho yake maji yalipokupwa nikawachukua wote wawili hadi kwenye mikoko. Tulitembea mpaka tukayaona yale matunda marefu ya mkoko, ya kijani, yananing'inia ncha chini. Mdogo akasema ni penseli. Binti akasema hizo ndizo shanga zetu, akaanza kuzihesabu, akafika sitini na kitu. Tulirudi nyumbani tope magotini.

Tangu siku hiyo naamini hivi: kitabu cha namna hii hakijasomwa mpaka mwana apate shanga zake mwenyewe, nje ya nyumba. Mnaonaje? Na nisaidieni mambo mawili. Kwanza, vitabu vyenyewe ni vya Kiingereza, nyinyi mnavisomaje? Pili, baadaye mugumo ule ulikatwa na kijito kikakauka. Hapo niliparuka. Je, nilikosea?

#2 Baba wa Faza

Waaleikum salaam, mama. Mimi ningeanza na bei. Kitabu kimoja cha picha chenye jalada gumu ni fedha ya matumizi ya siku kadhaa hapa kwangu, tena ni lazima mtu akutolee Mombasa. Mwanangu hajawahi kushika hata kimoja cha namna unayoisema.

Ninachofanya ni kumhadithia kwa mdomo baada ya isha. Asubuhi anachora alichokisikia kwenye daftari, nami naandika chini ya picha maneno anayonitajia. Kurasa zikitimia kumi na mbili tunazishona kwa uzi wa nyavu. Tumeshona tatu mpaka sasa. Za kwanza zilikuwa za sungura na fisi, basi nikiona uzi kama huu nafurahi, kwa kuwa nataka visa vya watu wa kweli. Mwana akijua kwamba aliyeandika vitabu alikuwa mwana kama yeye, mwenye mama wa kumtuma maji, hata kalamu anaishika vingine. Hili nimeliona kwa macho yangu.

Kwa hivyo nakuomba, mama, tuandikie hapa yaliyomo ndani, tusio na vitabu tupate cha kuhadithia.

#3 Mwalimu wa Shela

Mama Mkomani, kwa heshima zote, pale uliporuka ndipo palipokuwa moyo wa kisa. Wangari alipokuja kusoma sayansi alifahamu kwamba mizizi ya mugumo ilikwenda chini sana, ikapasua mwamba, na maji yakapata njia ya kupanda juu. Mti ulipoondoka na kijito kikaondoka. Mwana asipoambiwa hilo, haoni kwa nini mwanamke huyu mwaka 1977 alianzisha vuguvugu la Green Belt na kuwafundisha kina mama kupanda miche. Anaona tu bibi mmoja anayependa miti. Rudi pale, msome polepole, na usikimbilie kuwaliwaza. Wana wa miaka saba wanastahimili huzuni ikiwa wameshika mkono wa mtu.

Nna onyo moja, nimelipata kwa miaka ya kufundisha. Vitabu hivi vina tabia ya kumfanya mwandishi aonekane alizaliwa na nyota usoni. Mwana anasoma, anafunga kitabu, anasema "mimi sikuzaliwa hivyo", na basi. Ndiyo maana nampenda sana Rachel Carson. Alizaliwa 1907 Springdale, Pennsylvania, Marekani, bara kabisa. Mamake alikuwa akimtembeza msituni na mashambani kutazama ndege na maua. Rachel akaipenda bahari kwa kuisoma vitabuni tu. Alipokuwa na miaka 11 jarida moja la watoto lilichapa hadithi yake, na haikuwa ya bahari wala ndege, ilikuwa ya rubani wa vita! Bahari aliiona kwa macho mwaka 1929, akiwa na miaka 22. Baadaye ndiye aliyeandika vitabu vitatu vya bahari, kabla ya kile cha 1962 cha sumu za kuulia wadudu ambacho dunia nzima ilikijua.

Niliwahadithia wanafunzi wangu kisa hiki. Kijana mmoja nyuma ya darasa akauliza kwa uchungu wa kweli: "Miaka ishirini na miwili bila kuoga bahari?" Walimhurumia. Halafu nikawauliza wao wameiona bahari lini mara ya mwisho. Si kupita kando yake, kuiona. Darasa zima likatulia. Tukatoka nje.

Shule moja niliyowahi kuwa, mkubwa wangu aliniambia vitabu vya picha ni vya wachanga na silabasi haina nafasi navyo. Nilinyamaza kwa adabu. Lakini bado naumia nikikumbuka, kwa sababu vijana wa darasa la sita walikuwa wakinijia wakati wa mapumziko kuniuliza kama ile picha ya mawimbi bado ninayo.

#4 Mama Mkomani

Mwalimu, nimekubali. Jumamosi hii tunarudi pale.

Baba wa Faza, daftari lililoshonwa kwa uzi wa nyavu limenitoa machozi. Haya, chukua kisa hiki cha Pablo Neruda wa Chile, aliyezaliwa 1904. Alikulia Temuco, mji wa mvua nyingi, babake akifanya kazi ya reli. Siku moja akiwa uani aliona tundu katika ua wa mbao. Akachungulia, upande wa pili palikuwa kama shamba lililoachwa. Mara mkono mdogo ukajitokeza, mkono wa mwana wa umri wake. Ulipoondoka ukaacha kondoo mdogo wa kuchezea, wa sufu nyeupe. Neruda akakimbia ndani akaleta kitu alichokipenda kuliko vyote, tunda kavu la msonobari, lenye harufu na utomvu, akaliweka palepale. Yule mwana hakumwona tena. Utu uzimani, akiwa mshairi mkubwa, aliandika kwamba kupeana kule kulikaa naye maisha yote.

Wangu nilipowasomea hiki walikimbia juu kwenye wikio, kile chumba kinachovuka uchochoro, kutazama nyumba ya jirani. Ndipo nilipopata jibu la msonobari ambao hawajapata kuuona: nilikuwa nimeokota vile vitunda vikavu vya mvinje, vinafanana navyo ila ni vidogo. Nikawapa kila mmoja kimoja kiganjani. Kitabu kikiwa na kitu cha mbali, mimi hutafuta ndugu yake wa hapa.

Kuhusu lugha nieleze nilivyofeli kwanza. Nilikuwa nikifasiri neno kwa neno kidole kikiwa juu ya mstari. Ukurasa wa tatu punda akapita uchochoroni na wote wawili wakatoka mbio. Sasa nasoma kitabu peke yangu usiku mpaka nakijua. Mbele yao maandishi nayaacha, tunasoma picha: nani huyu, yuko wapi, upepo unatoka upande gani. Kisha nahadithia kwa Kiamu chetu, jinsi mama yangu alivyonihadithia. Binti sasa ameanza mwenyewe kutafuta maneno ya Kiingereza anayoyajua chini ya picha, bila kuambiwa.

#5 Binti wa Malindi

Hamjambo wa Lamu. Mimi niko Malindi na nna wadogo watatu wa kulea. Uzi huu umenifaa, kwa hiyo na mimi nichangie cha kwetu.

Kuna mwanamke anaitwa Maria Sibylla Merian, alizaliwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1647. Zama zile watu wengi wakiamini wadudu wanazuka wenyewe tu kutoka kwenye tope. Yeye akiwa na miaka 13 alifuga viwavi wa hariri, akawalisha majani, akawachora kila hatua mpaka wakatoka na mbawa. Aliendelea maisha yake yote. Kitabu chake cha viwavi kilitoka 1679, na mwaka 1699, akiwa na umri wa miaka 52, alipanda jahazi na bintiye hadi Surinam kuchora wadudu wa huko. Vipo vitabu vya picha vya utoto wake.

Sasa sikilizeni. Hapa Gede, karibu na magofu, kuna mradi wa Kipepeo ulioanza 1993. Wakulima wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke wanafuga viwavi, na mabundo (viwavi waliokwisha jifunga, wakingoja kugeuka vipepeo) yanauzwa nje ya nchi kwa maonyesho ya vipepeo, ndiyo riziki inayowafanya waulinde msitu. Niliwapeleka wadogo zangu baada ya kuwahadithia Maria. Mwenye kuangalia vizimba akawaonyesha bundo lililofanana na jani kavu kabisa. Mdogo wa katikati akasema "huyu ndiye wa kwenye kitabu", na sikumsahihisha, kwa sababu kwa maana yake alikuwa sawa. Alikaa pale nusu saa akingoja litoke. Halikutoka. Anaomba turudi mpaka leo.

Vipi kile cha Beatrix Potter wa Uingereza, mwandishi wa visa vya sungura? Wangu hawakukipenda sana, sungura wenye makoti waliwachosha. Ila walifurahi kusikia kwamba alipokataliwa na wachapishaji alichapa kitabu chake nakala 250 kwa fedha zake mwenyewe, mwaka 1901.

#6 Nahodha Mstaafu

Wanangu, salaam. Mjukuu wangu ndiye anayenisomea uzi huu na ndiye anayeniandikia, mimi nasema tu.

Nimeufurahia sana, lakini mmenyamazia jambo. Huyo mshairi wa Chile, mjukuu ananiambia alikusanya makombe ya bahari maelfu, akayapa chuo kikuu. Basi msiwahadithie wana hilo mkaishia hapo. Kombe tupu ufuoni halijawa tupu. Kuna kaa wadogo wasio na gamba lao, wao hutafuta kombe lililoachwa wakaingia, wakikua wanahamia kubwa zaidi. Kila mwana akibeba mfuko wa makombe, kaa wale watalala wapi? Mwambieni atazame, achore, arudishe. Ukimpa daftari hatotaka kombe lenyewe.

Mama Mkomani, zile penseli za mkoko si tunda la kawaida. Mbegu ya mkoko huota ikiwa bado mtini. Ule urefu unaouona ni mche tayari. Ukianguka maji yamekupwa hujichoma topeni ukasimama papo hapo, na ukianguka maji yamejaa huelea, hata miezi, mpaka upate tope la kukaa. Wana waelezeni hivyo. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko kaunti hii yetu ya Lamu, na nyumba unayokaa, dari yake ni boriti za mkoko. Vyumba vya Mkomani ni vyembamba kwa sababu boriti haina urefu zaidi ya ule. Mwana amelala chali anatazama msitu, ila hajaambiwa.

Yule mama wa bahari, Rachel, mjukuu amenisomea kwamba alimchukua mwana wa mpwa wake, hajatimiza miaka miwili, akamfunika blanketi akamshusha ufuoni usiku wa upepo na mvua, wakacheka pamoja mbele ya mawimbi gizani. Huyo nimempenda. Babangu alinifanya hivyo hivyo wakati wa kusi, hapo Kipungani, na nilikuwa na miaka mitano. Harufu ya usiku ule ninayo.

#7 Mpenzi wa Tungo

Sina budi kuuliza: wetu wako wapi? Nyeri, Chile, Marekani, Ujerumani, wote nawapenda. Lakini hapo Pate na Siyu, mwendo wa mashua kutoka gatini Lamu, aliishi Mwana Kupona binti Msham. Mwaka 1858 hivi, akiwa ameugua mwaka mzima, alitunga utendi wa wasia kwa bintiye. Mwanzoni kabisa anamwita asogee karibu, aketi, aje na wino na karatasi, kwa kuwa moyoni ana hadithi anayotaka kumwambia. Mama mgonjwa, binti, wino, karatasi. Huo si ukurasa wa kwanza wa kitabu cha picha tayari? Hakuna mchoraji aliyenionyesha.

#8 Mwalimu wa Shela

Mpenzi wa Tungo, umenigusa. Lakini tuwe waaminifu kwa wana. Utendi ule unawahusu watu wazima sehemu kubwa, namna ya kukaa na mume, dini, adabu za mabibi wa zama zile. Sitaki tuutie sukari tuupe watoto.

#9 Mpenzi wa Tungo

Sijasema wasomewe wote, Mwalimu. Kitabu kimweke binti katikati. Yeye ndiye mwana. Anasikia anaitwa, anatafuta kidau cha wino, anapita uani penye mkoma, anasikia bahari, anaingia chumbani mama alipolala. Kitabu kiishie pale mama anapofungua kinywa. Kilichobaki atakisoma akikua, kipo.

#10 Mwalimu wa Shela

Hapo sawa. Hicho ningekinunua nakala arobaini, moja kwa kila dawati.

#11 Baba wa Faza

Na sisi wa Faza Siyu ni jirani. Jana usiku nilimhadithia mwanangu kama alivyosema Mpenzi wa Tungo. Amechora kidau cha wino kikubwa kuliko mlango. Nilitaka kumwambia apunguze, nikaacha.

#12 Mama Mkomani

Nimerudi na habari za Jumamosi.

Nilisoma yale niliyoyaruka. Nikamwonyesha mahali mti ulipokuwa, na kijito kikavu, na wanawake wanaokwenda mbali kufuata maji. Mdogo aliondoka kutafuta paka. Binti alibaki. Hakulia. Akauliza mambo matatu, nayaandika kama alivyoyasema: "Aliyeukata alijua?" "Vyura walikwenda wapi?" "Mikoko yetu nani anaikata?"

La kwanza nikamwambia aliyeukata alitaka nafasi ya shamba, na huenda hakuna aliyemweleza habari za mizizi. La pili nilishindwa. La tatu tuliangalia juu pamoja, kwenye boriti, na nikamwambia alichosema Babu Nahodha. Alilala chali sakafuni muda mrefu akihesabu. Baadaye akaniomba daftari. Hakuchora mugumo. Amechora chumba chetu, na juu ya kila boriti ameweka majani ya kijani, na kwenye jani moja ndege. Chini ameandika kwa mkono wake, bila mimi kumtajia: "hapa ndani ni msituni". Hilo ndilo neno lake la kwanza ambalo hakuandikishwa na mwalimu wala na mimi. Nimeliacha ukutani, na mamangu alipokuja kulitazama alivaa miwani mara mbili.

Mpenzi wa Tungo, nimemsimulia na ya binti wa Mwana Kupona. Akasema yeye ana penseli, wino wa nini.

Babu Nahodha, ameniomba nikuulize, anataka kuona mche unaoelea. Bamvua (maji makubwa) ya wiki ijayo, Jumamosi, maji yatakupwa saa ngapi? Na tukija na daftari, tuje wangapi?

#13 Nahodha Mstaafu

Saa nne na nusu asubuhi yatakuwa yamekwisha kupwa, nyinyi fikeni saa tatu tuyafuate yakishuka. Njooni hata kumi, mashua ya mjukuu inatosha. Wavae viatu, chaza wa kwenye mizizi hukata. Na mche unaoelea tutauona wakati wa kurudi, maji yakianza kujaa, kwa hiyo leteni na chakula cha mchana.